Kwa Gumba

Shifti ya mashine ya chuma, kule chuo cha uhazili Tabora,
ilikuwa na uzito wa kweli:
ukiibana, mtambo mzima unainuka,
na usiku kidole kidogo kinalala kimevimba.
Herufi kubwa tulizilipia.

Sasa nina duka hapa Makole, futi nane kwa kumi.
Vumbi jekundu limeingia katikati ya vitufe,
A imefutika, E imefutika,
Kontroli kwenye kona ya kushoto inang'aa
kama sakafu ya kanisa pale watu wanapopigia magoti.

Bonyeza Kontroli peke yake mpaka magharibi: kimya.
Ni kama ku-, kama m-, kama vi-,
inangoja mzizi.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
wala hakinakili barua.

Jana kaja Amosi Ndahani, wa chuo kikuu,
na kompyuta yenye tofaa lililoumwa.
Utafiti wake: ukungu wa zabibu za Hombolo, kurasa tisini.
"Mama, nihamishie jedwali moja tu."

Kidole kikaenda konani, hakikuniuliza.
Kontroli, C.
Sikuona kitu, lakini kunakili hakuonekani,
unaamini tu.
Nikashuka hadi ukurasa wa arobaini. Kontroli, V.
Tupu.
"Siyo hiyo, mama. Huku ni Komandi,
hii ya jirani na kitufe kirefu, yenye vitanzi pembe nne.
Kwa gumba."

Gumba!
Miaka thelathini gumba langu limefanya kazi moja,
kutenganisha maneno.
Nikalituma. Komandi, V.

Na katikati ya ukungu wa zabibu ikatokea:
*Baba, ile ada imeibiwa stendi.
Usimwambie mama. Uza hata yule dume.*

Kumbe nakala yangu haikuwahi kuchukuliwa.
Mashine ilikuwa bado imeshika ya kwake, ya asubuhi.

Feni ikazunguka. Nje mtu anabishania bei ya karanga.
"Kutengua ni Z," akasema, macho kwenye viatu vyake vipya,
"kote ni Z ileile."

Nikashikilia kwa gumba. Z.
Maneno yakaondoka, dume akarudi zizini.

"Elfu mbili," nikamwambia. Bei yangu ni elfu tatu.

Jioni, kwenye kibodi yangu mwenyewe,
gumba likaenda kutafuta Komandi, likaangukia Alti,
na juu ya skrini herufi zikapigiwa mistari,
moja moja,
zinaniuliza nilitaka nini.