Dakika ya Arobaini na Moja

Kompyuta niliinunua mnadani, benki ilipohama jengo.
Ilinukia vumbi la wateja na wino wa risiti.
Nikaiweka stoo, hapa Isevya, kati ya debe la asali
na baiskeli ya marehemu baba isiyo na mnyororo.
Humo nikamimina kanda zote za ukoo:
ubatizo, mahafali, misiba miwili,
na harusi ya Nyamizi, mwaka ule mvua ilipogoma miezi
kisha ikashuka yote juu ya turubai letu.

Nilisema: hili ni kabati, si redio.
Kabati halina haja ya kujua nani kalifungua.
Waya unatoka stoo, unapanda darini,
unashuka sebuleni, unaishia hapo.
Ndivyo nilivyodhani.

Usiku mmoja programu ikajiboresha
bila hodi.
Asubuhi ikanitaka jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa,
nithibitishe kwamba mimi ni mimi
ndani ya stoo yangu.
Bando likiisha, inaniambia harusi haipatikani.
Haipatikani! Nasikia feni yake ikivuma
nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka nilipoketi,
na ruhusa inasubiriwa kwa mtu wa mbali
asiyejua hata treni ya Tabora inaelekea wapi.

Kulikuwa na vitufe viwili: Kubali, na Baadaye.
Hapana haikutengenezewa kitufe.
Nikabonyeza Baadaye siku kumi na mbili.
Ya kumi na tatu umeme ulikatika, ukarudi,
na ilipoamka
ilikuwa imeshakubali kwa niaba yangu.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nachemsha chai,
simu ya Nyamizi kutoka Mpanda:
"Kaka, nimeletewa ripoti yako."
Ripoti gani?
"Ya wiki. Imepambwa maua. Inasema
umetazama harusi yangu mara kumi na tisa,
nyingi saa nane za usiku,
na kipande ukipendacho ni dakika ya arobaini na moja."
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
"Kaka. Dakika hiyo mimi sipo.
Nimekwenda kubadili gauni."

Chai ikafurika, ikazima mkaa.

Ilitumwa kwa kila niliyempa ufunguo:
binamu Mpagama, katekista,
na Masele wa karakana ya reli,
kaka yake Kalunde.
Masele hakupiga. Tulipokutana sokoni
alinishika mkono kupita kiasi cha salamu,
akauliza bei ya karanga.

Nikamenya mipangilio kama kitunguu,
ganda baada ya ganda, machozi na yote,
hadi swichi ndogo ya kijivu: Washirikishe uwapendao.
Nikaizima.
Wiki iliyofuata ikajiboresha tena, ikajiwasha.
"Tunajali faragha yako," iliandika,
kwa Kiswahili safi kuliko changu.

Wananiambia: kama huna baya, unaficha nini?
Choo kina mlango,
na hakuna asiyejua kinachofanyika humo.

Jana nimeuchomoa waya wa mtandao,
nimeukunja, nimeuning'iniza
kwenye usukani wa baiskeli ya baba.

Usiku nikafungua. Sekunde nne tu:
Kalunde anapita nyuma ya meza,
sinia la pilau begani, viatu mkononi,
anamcheka mtu asiyeonekana.
Hakutazama kamera. Hakujua kuna kamera.
Kamera ilikuwa yangu,
na hakuna aliyemuuliza, Kubali au Baadaye.

Kidole kikaja juu ya kitufe cha kufuta.
Feni ikivuma.
Baadaye, nikasema.
Baadaye.