Kigingi cha Saba

Walikuja toka Magu na kamba ya mafundo,
ndoo ya rangi nyekundu, na daftari.
"Mita sitini toka ukingo wa Simiyu,"
akasema Kwilasa wa ofisi ya bonde,
"jembe lisiingie."

Sitini! Hapo ndipo nyanya zangu,
hapo matuta ya viazi, hapo kaburi la mkwe.
Mto una miguu, nikamwambia, uhame wenyewe.
Wenye mashamba tukasimama upande mmoja
kama ng'ombe wanaokataa josho.

Ndipo akafika Nyabise, mchuuzi wa dagaa,
katoka mwaloni kwa baiskeli ya kukodi,
ndoo kaifunga kwa mpira wa tairi.
Hakusalimia sana. Akaimwaga miguuni pangu:
tope jeusi, laini, kama uji uliopoa.
"Holo, nimekuletea shamba lako.
Limekaa kwangu miaka bila kodi.
Limewafukuza ningu mdomoni mwa mto,
hawapandi tena kutaga."

Nikainama, nikalinusa.
Samadi ya zizi la baba. Jivu la jiko langu.
Na mbegu moja ya nyanya,
imechipua.

Tukapima basi.
Hati inasema ekari tatu;
kamba ikasema mbili na robo.
Mninga wa mpaka, kisiki chake
kiko katikati ya maji.
Kumbe miaka yote nilikuwa natoa,
bila mkutano, bila sahihi,
bila hata asante.

Nikakubali, ila si bure:
ng'ombe wa Ng'wandu wachimbiwe birika lao kando,
mabingobingo ya ukingoni niyakate mimi, niuze mimi,
na tuufunge ukingo kama wazee walivyofunga ngitili,
kwa kukubaliana, si kwa mgambo.
Kwilasa akaandika. Kalamu yake ikaisha wino,
akamalizia kwa ile ya Nyabise, ya hesabu za dagaa.

Vigingi kumi na viwili, vyekundu.

Usiku nikatoka na tochi
nikakisogeza cha saba, hatua tatu,
kuelekea majini.
Kwa ajili ya nyanya tu. Zikiiva nitakirudisha.
Nilipogeuka nikaona tochi nyingine
kwa Ng'wandu, imeinama chini,
ikazimwa ghafla.

Asubuhi tulisalimiana kwa heshima nyingi mno,
tukaulizana hadi hali za mbuzi,
kisha kila mmoja
akaenda kutafuta nyundo.