Mistari ya Mkia

Walikuja kwa basi la usiku, ndani ya mifuko ya nailoni
iliyojazwa hewa mpaka ikakaza kama ngoma.
Baba aliwapakata kutoka stendi ya Moshi hadi Nkwarungo,
mia mbili, kila mmoja mwembamba kama ukucha uliokatwa.
"Sato," alituambia. Alilitamka jina taratibu,
kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani.

Bwawa alilichimba palipokuwa na migomba minne,
akalivutia maji ya mfongo kwa zamu yetu, Jumanne na Ijumaa.
Bibi Ndelilio alisimama ukingoni, akauliza jambo moja:
Haya maji yakishaingia, yanatokea wapi?
Baba akacheka. Akamwonyesha kipande cha chandarua
alichokifunga kwa katani mdomoni mwa mfereji.

Masika ya mwaka ule hayakuwa na adabu.
Siku tisa mvua; ya kumi tukakuta chandarua
kimening'inia kwenye shina la mbuni,
kina tundu la kupita kichwa cha mtoto,
na bwawa limetulia, jekundu, limeshiba udongo.
"Wametoka wachache," alisema Baba. "Baridi itawaua."

Haikuwaua.
Walishuka na mfongo, wakaingia Kikafu,
Kikafu ikawakabidhi Kikuletwa,
hadi kule joto linakoanza na maji yanakotanuka,
Nyumba ya Mungu, bila barua ya utambulisho.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Hawa walilichukua wenyewe.
Siku ya nne walikuwa wanapima shamba.
Wakachimba viota juu ya viota vya perege,
wakaoa.

Mimi nauza samaki Mbuyuni, mwaka wa kumi na moja sasa.
Ndoo za Mbwambo nazijua kwa harufu.
Siku ile, kati ya perege arobaini, mmoja
mkia wake una mistari kama daftari la hesabu.
Nilimjua, kama unavyomjua mtoto wa kwenu kwa mwendo wake.
Nikamuuza haraka. Nikasahau hata kurudisha chenji.

Mwaka uliofuata walikuwa nusu ya ndoo.
Kisha wakaja wale wa katikati,
mistari imefifia, kama mtu alianza kuifuta
akaitwa nje, asirudi.

Wateja wanawapenda. Wana minofu, wanasema,
wale wa zamani walikuwa miba mitupu.
Ada ya mwanangu Anaeli imetoka mgongoni mwao;
siwezi kuwatukana na midomo yangu inang'aa mafuta yao.

Jana Mbwambo alinitupia perege mmoja,
mkia safi, mdogo kama kiganja.
"Huyo wa bure, Mama Anaeli. Hata kikaango hajazi."
Nilimfunika kwa jani la mgomba kutwa nzima.
Waliouliza bei niliwaambia ana mwenyewe.
Jioni nikamkaanga. Ningemfanyaje?

Baba hupiga simu Jumapili, ibada ikiisha.
Bwawa siku hizi ni shimo la magimbi.
Huuliza mvua, huuliza mgongo wangu, huuliza wajukuu,
kisha hushusha sauti, kama anaulizia watoto
aliowapeleka bweni akakosa nauli ya kuwatembelea:
"Na wale?"

Wamekua, Baba.
Wamekua sana.