Mapaja Mawili

Mkunga Eilidh aliniita Jumanne,
mkalimani yumo ndani ya simu, spika imewashwa.
"Anasema una homa ya ini. Aina ya B."
Nikajibu: ini langu halina homa,
lilikatika tu, mwaka ule wa msiba.
Kimya. Sijui alimfasiria nini.

Mama alikufa tumbo limemjaa maji.
Kidole tulimnyooshea Bi Mwamini, jirani,
akahama usiku na kuku wake watatu.
Leo karatasi ya maabara ya Glasgow
inamtoa uchawini.
Mama hakuniachia shamba wala mkufu.
Aliniachia hiki, bila kujua, siku ya kunizaa.

Mwezi wa saba nikaanza vidonge,
kimoja kila usiku, hata usiku wa kutapika.

Alitoka saa tisa na dakika arobaini,
mvua ya Februari ikipiga dirisha ubavuni.
Sijamaliza kuhesabu vidole,
Eilidh ana sindano mbili:
paja la kulia, chanjo;
la kushoto, kinga ya kuazima
mpaka yake ikomae.
Akalia kama aliyedhulumiwa duka zima.
Nikashika ziwa, nikamtazama mkunga.
Akaitikia kwa kichwa.
Hapo hatukupiga simu.

Mlangoni mwa friji nimebandika tarehe:
wiki ya nne, wiki ya nane,
na ile ya mwaka, ya kutolewa damu,
ambayo bado siitazami.

Siku ya saba nilitaja jina.
Dada yangu, kutoka Kigoma, alinyamaza kwanza.
"Majina yote duniani, hilo?"
Hilo.
Mwamini.