Sekunde Tisini

Asahikawa, saa nane usiku na dakika tano.
Theluji imeanza tangu jioni, haina haraka,
inashuka kama kibarua anayelipwa kwa siku.
Nje, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri;
ndani, jiko la mafuta ya taa, kahawa ya mkebe,
na mimi, Chizuru, ninayehamisha nyumba ya mtu
naye mwenyewe ameketi nyuma yangu.

Chini ya ngazi za manispaa iliishi seva moja.
Bwana Hatanaka aliilea miaka kumi na tisa,
akaipangusa vumbi kwa brashi ya rangi,
akaipa jina la farasi wa babu yake.
Ndiyo iliyojua kila barabara, kila kichochoro,
nani ashike zamu Nagayama, nani asukume Toyooka,
na mlango upi una ajuza wa kiti cha magurudumu,
usizibwe na lundo.

Leo nimeifunga yote ndani ya kontena.
Si lile la bandarini, la chuma na kutu;
hili ni furushi la maneno,
hufunguka vilevile popote litakapotua.
Mashine sita ziko mji mwingine, sijawahi kuziona.
Juu yake yupo mratibu asiyelala wala kupenda.
Nimemwandikia nitakacho: nakala tatu, ziwe hai daima.
Njia nimemwachia. Ikifa moja, azae nyingine
isiyo na jina la farasi yeyote.

Nikabonyeza.

Ganda la kwanza likachipuka. Likafa.
La pili. Likafa.
Nikalisoma faili mstari kwa mstari,
nikahesabu nafasi tupu kwa ncha ya kalamu,
maana hapa nafasi moja ikipotea
chumba cha mtoto huhamia kwa jirani.
Nywila sahihi. Mtandao wazi. Kumbukumbu tele.
Limezaliwa mara thelathini. Arobaini na moja.
Na kila mara mratibu anakawia zaidi kujaribu tena,
kama mdai aliyeanza kuona haya.

Simu. Oyamada, dereva wa zamu;
injini yake inaunguruma, naye pia.
“Sentimita kumi na nne. Twende wapi?”
Nikasema, subiri. Neno baya, usiku kama huu.

Hatanaka akavuta kiti. Lugha ya faili haijui;
kidole chake kikatua kwenye safu ya saa.
“Huyu anauliza nini, kila sekunde kumi?”
Anauliza, uko hai?
“Na asipojibiwa?”
Akinyamaziwa mara tatu, anaua.
Akacheka bila sauti, kwa mabega tu.
“Wangu akiwashwa husoma ramani kwanza,
mji mzima, kichochoro kwa kichochoro.
Sekunde tisini hasemi na mtu.
Mimi nilikuwa nachemsha chai.
Nyinyi mnamwuliza angali anavaa viatu,
kisha mnamzika.”

Nilifundishwa kusimamisha mashine elfu kwa amri moja.
Kuingoja moja, sikufundishwa.

Nikaandika mia na ishirini: tisini zake,
thelathini za heshima,
na kando, nyuma ya alama ambayo mashine huiruka,
mstari wa binadamu: Hatanaka kasema, mpeni muda.

Tukangoja. Yeye akabandika maji.
Sabini. Themanini. Kumbe sekunde ina kimo.
Tisini na moja: kijani.
Ikafuata ya pili, ya tatu ikajikongoja,
na barabara zikaanza kumiminika kwenye vioo vya madereva.
Oyamada hakuaga; nilisikia tu
jembe la chuma likigusa lami.

“Yupi kati yao ndiye?” Hatanaka akauliza.
Nilitaka kusema wote. Nilitaka kusema hakuna.
Akainuka kabla sijachagua, akashuka ngazi.
Nikasikia feni ikipunguza pumzi,
ikipunguza,
na jengo likawa na ukimya ambao sikuwahi kujua haumo.

Akarudi na kebo ameizungushia kiwikoni
kama hatamu,
akauliza kama maji yamechemka.