Kifundo

Vuli likiingia Groningen, mfereji hautiririki.
Unatoa povu kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
Matishari yanapanga foleni, mdomo kwa mkia,
yamebeba ngano isiyo ngano:
mabua matupu, robota juu ya robota,
na babu Fokko anayafungua kamba akinung'unika,
"Punje za mwenye shamba. Letu sisi, kilichobaki."

Ndani, matufe ya chuma yanazunguka polepole,
kila moja kubwa kuliko nyumba yetu.
Chokaa. Mvuke. Usiku kucha,
mpaka bua lisahau kwamba liliwahi kusimama.
Linatoka rojo, kahawia,
linanuka zizi, linanuka yai viza,
linanuka Jumatatu.

Mama yangu, Geessien, alipokea kadibodi zikiwa bado na joto,
akazipanga, akazihesabu, akazipanga tena.
Chokaa ilizila kucha zake.
Usiku alizipaka mafuta ya nguruwe,
akalala na mikono imefungwa vitambaa
kama mtu aliyeagizwa asishike kitu.

Bibi alimwachia pambo la fedha la kichwani.
Alilificha ndani ya soksi, soksi ndani ya sanduku,
sanduku chini ya kitanda.
Harufu ya mfereji ikalifuata huko huko.
Siku ya harusi ya shangazi Trientje
lilitoka jeusi kama kitako cha chungu.
Akalisugua kwa majivu, likang'aa;
wiki ya pili, jeusi.
Akaliacha. "Nalo limeajiriwa," alisema.

Mimi nilikuwa darasa la tatu.
Kitabu changu cha hesabu kilidondoka kwenye dimbwi,
jalada likavimba, likaachana tabaka tabaka
kama kitunguu.
Nilikipeleka nyumbani nimekificha tumboni.

Hakunipiga.
Alikaa kwenye kizingiti, akalichambua jalada
kwa zile kucha zake nusu nusu,
akachomoa kitu kidogo, cha manjano, kigumu:
kifundo cha bua.
Tufe lilizunguka, chokaa ikauma, mvuke ukapuliza,
chenyewe kikagoma.

Akakinusa. Akaniwekea kiganjani.
"Huyu," alisema, "alinipitia mkononi."
Kisha akafungua kitabu, akatazama hesabu za mgawanyo,
ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikicheza bila sauti.
Yeye shule aliiacha na miaka kumi na miwili,
mwezi wa mabua. Mgawanyo hawakuwa wameufikia.

Fimbo niliipata kesho yake, kwa mwalimu.
Kifundo kilikuwa shavuni mwangu wakati wote.
Nilikiuma:
kwanza chokaa,
halafu, mbali sana, kama mtu anayeitwa kutoka shamba la pili,
ngano.