Yupo

Karani Wilber analowesha kidole kwa mate,
anafungua daftari la maji.
"Mamani Ccori, Teodosio."
Teodosio ana mwaka wa nne sasa chini ya kokoto
za makaburi ya Chillcapata,
na mimi ndiye ninayenyanyua mkono:
"Yupo."

Hivyo ndivyo shamba langu linavyonywa,
kwa hisani ya maiti.
Saa nane usiku zamu yake ikifika
ni miguu yangu inayoingia mferejini,
barafu nyembamba ikikatika kama kioo cha taa,
sepeto begani, mtoto mgongoni,
kurunzi nimeing'ata kwa meno.
Lango la tatu najua linavuja wapi.
Nililiziba kwa udongo
na pindo la sketi yangu ya harusi.

Ila siku ya kumchagua mwenyekiti wa maji
Teodosio ana kura,
mimi nina masufuria.
"Mama Eufrasia, viazi bado?"

Siku ya kuzoa tope tulichimba jua hadi jua.
Mwanamume akaandikiwa siku nzima, mimi nusu.
Nikamwuliza Wilber ni nusu ipi ya mwili wangu
haikuchimba.
Wakacheka.
Nami nilicheka kidogo,
na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wanasema maji hufuata mkondo,
kana kwamba mkondo ulijichimba.

Juzi, mkutano wa Agosti, akaita:
"Mamani Ccori, Teodosio."
Nikanyamaza.
Akaita tena. Nikaendelea kusokota sufu.
"Basi hayupo. Faini, soli ishirini."
"Mpelekeeni risiti," nikasema. "Njia mnaijua,
jeneza mlilibeba ninyi.
Akikataa kulipa, mfungieni maji."

Hakuna aliyecheka.
Kule jikoni Nicolasa akaweka mwiko chini.
Kisha Saturnina, ambaye mumewe yuko Lima
na mke mwingine na watoto wengine,
na bado jina lake linamwagilia mahindi hapa.

Wilber akajikuna shingo kwa kalamu.
Akasema daftari halina nafasi.
Nikasogea, nikainama, nikatazama:
chini ya Teodosio pana mstari mtupu,
upana wa kidole changu.

Wilber,
nimeshapitisha maji
penye wembamba kuliko huo.